Shahada ya sheria ya London na njia ndefu ya kurudi nyumbani

Shahada ya sheria kutoka London imekuwa na heshima ya pekee Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda aliisomea huko, na wanasheria wakuu wa serikali walioshika kalamu wakati nchi zikipata uhuru nao walipitia jiji hilo. Hadi leo wapo wazazi walio tayari kuuza kiwanja ili mtoto wao apate nafasi hiyo.

Hata hivyo, shahada hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama LLB, si leseni ya uwakili. Si leseni London kwenyewe, wala Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Ni elimu ya sheria za England na Wales tu. Hata Scotland, iliyo ndani ya Uingereza hiyo hiyo, ina sheria na mahakama zake. Mwenye kuihitimu hulazimika kuanza safari ya pili kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya jaji, na ni safari hiyo ambayo familia nyingi huifahamu wakati fedha zimekwisha kulipwa.

Waliotangulia

Wakati wa ukoloni, mtu wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa mwanasheria hakuwa na pa kusomea nyumbani. Chuo cha Makerere kilifundisha udaktari, ualimu na kilimo, lakini si sheria. Serikali za kikoloni hazikuwa na hamu ya kuwalipia Waafrika masomo hayo, kwani mwanasheria ni mtu anayeweza kuishtaki serikali.

Waliobahatika walivuka bahari. Njia ya kawaida ilikuwa kujiunga na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya mawakili vya London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Enzi hizo mtu aliweza kuwa wakili kwa kufaulu mitihani ya vyama hivyo na kuhudhuria idadi maalumu ya chakula cha jioni katika kumbi zao, bila kuwa na shahada ya chuo kikuu. Mohandas Gandhi alipitia njia hiyo Inner Temple na kupokewa uwakili mwaka 1891, kabla ya kwenda Afrika Kusini.

Chiedo Argwings-Kodhek, anayetambuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, alipokewa Lincoln's Inn. Aliporejea Nairobi katika miaka ya 1950 aliwatetea watuhumiwa wa Mau Mau, kazi ambayo wachache walithubutu kuigusa. Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya tangu uhuru mwaka 1963, alipokewa Gray's Inn.

Kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi ni cha Waganda wawili waliokuwa London miaka ile ile.

Benedicto Kiwanuka alikuwa amepigana Vita Kuu ya Pili akiwa askari wa King's African Rifles, kisha akawa mkalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya washtakiwa kwa majaji wa Kizungu. Baada ya kusoma kwa muda Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, alikwenda University College London, maarufu kama UCL, mwaka 1952. Alipokewa uwakili Gray's Inn mwaka 1956 na kurudi nyumbani. Miaka sita baadaye, mwezi Machi 1962, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, ingawa hakukaa madarakani; uchaguzi wa Aprili mwaka huo ulimpa nafasi hiyo Milton Obote.

Godfrey Binaisa alisoma King's College London, na kuhitimu sheria mwaka 1955. Alipokewa Lincoln's Inn mwaka uliofuata. Akawa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Obote wakati ambapo katiba ya uhuru ilifutwa mwaka 1966 na nyingine kuwekwa mwaka 1967. Baadaye, kuanzia Juni 1979 hadi Mei 1980, alikuwa Rais wa nchi.

Kiwanuka aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu na Idi Amin mwaka 1971. Mwezi Septemba 1972 mahakama yake ilipokea ombi la raia wa Uingereza aliyekuwa akizuiliwa na jeshi. Kiwanuka aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu huyo, na akaamuru aachiliwe. Msingi wa uamuzi huo ni kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sheria London hufundishwa mwaka wa kwanza: anayemshikilia mtu ni lazima aieleze mahakama kwa sheria gani anamshikilia.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa usalama walimchukua Kiwanuka kutoka katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe. Hakuonekana tena. Mahakama ya Uganda humkumbuka kwa mhadhara unaobeba jina lake.

Wawili hao walisoma sheria zile zile katika jiji lile lile, na vitabu walivyosoma havikutofautiana sana.

Dosari iliyoonekana mapema

Uhuru ulipokaribia, Uingereza yenyewe ilikiri kwamba mfumo huo haukuwafaa Waafrika. Kamati iliyoongozwa na Jaji Denning ilichunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika na kutoa ripoti yake mwaka 1961.

Hoja zake zilikuwa wazi. London iliwafundisha wanafunzi hao kazi ya wakili anayesema mahakamani tu, wakati Afrika Mashariki wakili mmoja hufanya yote: humpokea mteja, huandika hati na kusimama mahakamani. Iliwafundisha sheria ya ardhi ya England, lakini haikuwafundisha chochote kuhusu ardhi ya ukoo, mahari au urithi wa kimila.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Oktoba 1961, kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi wachache tu, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilikuwa cha kwanza katika eneo la Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba chuo hicho kipya nacho kilianza kikiwa chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha London.

Miaka mitatu darasani

Mwanafunzi wa leo husoma LLB kwa miaka mitatu. Vyuo vinavyojulikana zaidi jijini ni UCL, King's, LSE, Queen Mary na SOAS, vyote vikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, ingawa vipo vingine kadhaa vinavyotoa shahada hiyo. UCL ina historia yake katika fani hii: Eliza Orme, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya sheria England, alisomea huko na kuipata mwaka 1888, miaka 31 kabla ya sheria kuwaruhusu wanawake kuwa mawakili.

SOAS hutofautiana na wenzake kwa kufundisha pia sheria za Afrika na Asia na sheria ya Kiislamu. Kwa mwanafunzi wa Mombasa au Unguja anayetarajia kurudi nyumbani, hilo si jambo dogo, ingawa wazazi wengi hutazama kwanza orodha za vyuo bora na kuishia hapo.

Masomo ya msingi hayatofautiani sana kati ya chuo na chuo: mikataba, jinai, katiba na utawala, ardhi, amana, na sheria ya madhara, ile inayomwezesha mtu aliyeumizwa na uzembe wa mwingine kudai fidia. Sheria ya Umoja wa Ulaya nayo ilikuwa ya lazima kwa waliotaka uwakili, lakini uzito wake umepungua tangu Uingereza ijitoe katika umoja huo tarehe 31 Januari 2020.

Sehemu kubwa ya sheria hizo haimo katika vitabu vya Bunge. Imo katika hukumu za majaji, mfumo ambao wanasheria huuita komon loo. Kwa hiyo mwanafunzi husoma kesi, mamia ya kesi. Mojawapo ni ya mwaka 1932 kuhusu mwanamke aliyedai kuwa alikunywa kinywaji cha tangawizi kutoka katika chupa iliyokuwa na konokono aliyeoza. Majaji waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mtumiaji wa mwisho hata kama hawakuwahi kufanya mkataba. Kesi yenyewe ilitoka Scotland, lakini hutajwa mahakamani hadi Nairobi na Dodoma.

Kinachowasumbua wengi waliotoka shule za Afrika Mashariki ni namna ya kujibu mitihani. Swali huwa ni hadithi: jirani amekata mti, mti umeangukia gari, mwenye gari amempiga ngumi jirani. Mwanafunzi anatakiwa kumshauri kila mmoja wao. Aliyezoea kukariri maana ya maneno na kuiandika neno kwa neno hupata alama chache, kwani mtahini hutafuta hoja, pamoja na hoja ya upande wa pili. Alama zenyewe huwashangaza wageni. Asilimia 70 ni daraja la kwanza, na 60 ni daraja la pili la juu, ambalo waajiri wengi hulitaka.

Faida moja ya London hailipiwi. Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyoanza kazi mwaka 2009, iko wazi kwa umma, na katika jengo hilo hilo huketi Baraza la Faragha la Mfalme, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Afrika Mashariki. Mahakama Kuu iko Strand, karibu na milango ya King's na LSE. Mwanafunzi anaweza kusoma kanuni asubuhi na mchana akaona wakili akihangaika nayo mbele ya majaji.

Kuingia, na bei yake

Maombi hupitia shirika la UCAS, ambako mwombaji huchagua hadi vyuo vitano. Baadhi ya vyuo, UCL na King's vikiwemo, humtaka pia afanye mtihani wa LNAT. Mtihani huo haupimi ujuzi wa sheria. Hupima jinsi mtu anavyosoma habari ngumu na kujenga hoja.

Mfumo wa shule alikotoka mwombaji una maana kubwa. Kidato cha sita cha Tanzania na Uganda kinafanana na mfumo wa England, na vyuo vingi hukitambua. Mhitimu wa KCSE ya Kenya kwa kawaida hutakiwa kwanza kusoma mwaka mmoja wa maandalizi, ambao nao hulipiwa.

Kuhusu ada, kuna historia ambayo vijana wa leo hawaifahamu. Ni mwaka 1980, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ndipo wanafunzi wa kigeni walipoanza kutozwa gharama kamili ya masomo. Wenyeji waliendelea kusoma bure hadi mwaka 1998. Mwenyeji alikuwa akilipa pauni 9,535 kwa mwaka mnamo 2025, na serikali humkopesha. Mgeni katika vyuo kama UCL, King's na LSE hulipa zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka kusomea sheria, na hakuna wa kumkopesha.

Hiyo ni ada pekee. Ili kupata viza, mwanafunzi wa London alitakiwa mwaka 2025 kuonyesha kuwa ana zaidi ya pauni 1,400 za matumizi kwa kila mwezi, kwa miezi 9. Huongezwa malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Viza huruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mshahara wa saa hizo hauwezi kulipa ada. Anayeambiwa na wakala kwamba mtoto "atajilipia kwa kufanya kazi" anadanganywa.

Ufadhili nao una mtego wake. Chevening, jina linalojulikana zaidi katika balozi za Uingereza, hulipia shahada ya uzamili. Kwa shahada ya kwanza fedha ni chache mno, na zilizopo hutolewa na vyuo vyenyewe kwa ushindani mkali. Ndiyo maana wanasheria wengi wa Afrika Mashariki wamefuata njia tofauti: shahada ya kwanza nyumbani, kisha mwaka mmoja wa uzamili London. Profesa Issa Shivji alisoma Dar es Salaam kwanza, na LSE baadaye. Kwa mwenye fedha kidogo, njia hiyo ina busara zaidi.

Ipo pia shahada ya London isiyohitaji London. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewaruhusu watu wa nchi nyingine kufanya mitihani yake bila kuhudhuria darasani. Nelson Mandela alijisomea sheria kwa mpango huo akiwa mfungwa, ingawa shahada yake hatimaye aliipata kwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989. Ada yake ni ndogo kuliko ya darasani, lakini anayekusudia uwakili nyumbani aulize kwanza kama mamlaka za nchi yake zinaikubali.

Baada ya joho

Mwenye shahada anayetaka kubaki England ana njia mbili, kwa sababu uwakili huko umegawanyika. Wakili wa ofisini, anayeshughulikia wateja na mikataba, hupitia mitihani ya SQE iliyoanzishwa Septemba 2021, na lazima awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Gharama ya mitihani hiyo pekee inazidi pauni 4,500. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba SQE haimtaki mtu awe amesoma sheria. Shahada ya fani yoyote inatosha. LLB humwandaa, lakini si sharti.

Wakili wa mahakamani bado hujiunga na mojawapo ya vyama vinne vya kale na kusoma kozi ya uwakili. Akishapokewa, anahitaji mwaka mmoja wa uanagenzi chini ya wakili mzoefu, na hapo ndipo mlango unapokuwa mwembamba, kwa kuwa nafasi ni chache kuliko waliopokewa. Wageni wengi hupokewa, hupiga picha wakiwa na wigi la manyoya ya farasi, kisha hurudi makwao.

Wakirudi, kazi huanza upya. Kenya huwataka wenye shahada za nje watambuliwe kwanza, kisha wapitie Kenya School of Law na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Sheria ya chuo hicho ya mwaka 2012 inagusa hata alama za sekondari, ikiwemo B ya Kiingereza au Kiswahili, na tafsiri ya masharti hayo imefikishwa mahakamani mara kadhaa na watu waliokwisha kuhitimu. Uganda ina Kituo cha Maendeleo ya Sheria mjini Kampala. Tanzania ina Shule ya Sheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na shahada ya nje huhakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Shule hiyo ya Tanzania si ya kubeza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, na serikali ikaunda kamati kuchunguza kulikoni.

Je, yale yaliyosomwa London yanafaa nyumbani? Kwa sehemu, tena sehemu kubwa. Komon loo iliingizwa Kenya kama ilivyokuwa England tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902 na Tanganyika 22 Julai 1920, na bado ni msingi wa mengi. Ila kila nchi imejenga nyumba yake juu ya msingi huo. Sheria ya mikataba ya Tanzania ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, si moja kwa moja na ya England. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, kama zinavyosema sheria za mwaka 1999. Aliyesoma umiliki wa ardhi wa Kiingereza kwa mwaka mzima hana budi kuanza ukurasa mpya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na Zanzibar ina mahakama kama hizo katika mfumo wake.

Kisha lipo suala la lugha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa mazingira ambayo haki inakihitaji. Mhitimu wa London aliyebishana kwa Kiingereza miaka mitatu hujikuta akitafuta maneno ya kumweleza hakimu kwamba mteja wake ana haki ya kupita katika shamba la jirani, huku jirani mwenyewe, asiye na wakili, akieleza upande wake bila kigugumizi.